Sauti Isiyoondoka: Hotuba Kuhusu Muziki wa Mvumo na Giza Lake

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa wapenzi wa muziki. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, ila maneno yamebaki kama yalivyosemwa. Kabla sijaanza kuzungumza, taa zilizimwa na sauti moja nzito ikapigwa kwa dakika tano bila kukatizwa.

Mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki wenzangu, asanteni kwa uvumilivu wenu. Najua kwamba kukaa gizani dakika tano mkisikiliza sauti moja si jambo dogo. Taa ziliporudi niliwaona wawili wakitazama saa, nikamwona mmoja akiikodolea macho spika kana kwamba ameshawishika kuwa imeharibika, na nikamwona mzee mmoja wa mstari wa mbele akiwa bado amefumba macho. Mzee wangu, sijui kama ulikuwa unasikiliza au umelala, lakini usione haya. Nitakapomaliza utaona kwamba hata usingizi una nafasi yake katika muziki huu.

Sasa naomba mnyooshe mikono. Ni wangapi kati yenu mliosikia sauti ile ikibadilika? Naona mikono mingi. Na ni wangapi mliosikia kitu kingine ndani yake, labda kengele, labda watu wakiimba kwa mbali? Naona saba, wanane. Ndugu zangu, sauti ile niliitengeneza kwa kompyuta. Msingi wake ni mitetemo 55 kwa sekunde, na juu yake imepandishwa mitetemo 110, 165, 220 na kuendelea, na tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho haikubadilika hata chembe. Hakuna kengele iliyogongwa. Hakuna mtu aliyeimba. Je, mlichosikia kilitoka wapi?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Niruhusuni kwanza nimalize suala la jina. Wengi wanauita muziki huu droni, neno ambalo kwa Kiingereza ni nyuki dume na uvumaji wake, na ambalo siku hizi linatukumbusha zaidi vyombo vinavyorushwa angani bila rubani. Mimi nitasema mvumo, kwa kuwa kitenzi tunacho na kinatutosha: upepo huvuma, bahari huvuma, nyuki huvuma, na habari nayo huvuma kabla haijathibitishwa. Ninapotaja ambienti ya giza, namaanisha tawi lile la muziki wa mvumo lisilo na ngoma, lisilo na maneno wala tuni ya kushika, ambalo limejaa besi, mwangwi na hisia ya kuwa ndani ya mahali pakubwa pasipo na mwanga.

Mvumo wenyewe ni wa kale kuliko kumbukumbu zetu. Tanpura ya India kwa kawaida ina nyuzi nne ambazo kazi yake yote ni kushikilia msingi mmoja huku mwimbaji akizunguka juu yake. Zumari la mfuko la Waskoti lina mirija inayotoa sauti ileile kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Waimbaji wa makanisa ya Kiorthodoksi ya Kigiriki huwa na kundi linaloshikilia noti moja chini ya mwenzao anayeghani. Katika mila zote hizo mvumo ulikuwa sakafu. Waliokuja katika karne ya 20 walimwondoa aliyekuwa amesimama juu, wakatuacha na sakafu yenyewe, kisha wakatuomba tuitazame.

Na kwa nini watu wakubali kuitazama sakafu? Wimbo wa kawaida una mwanzo, kiitikio na mwisho, na ukiusikiliza mara mia moja sikio lako linafika mwisho kabla ya mwimbaji. Umeumaliza. Mvumo hauwezi kumalizwa kwa namna hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachobadilika ndani yake hubadilika upande wa msikilizaji, na msikilizaji hawi yuleyule mara mbili. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaizungukia kutoka pande kadhaa.

Nianze na chumba hiki. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanyeni kwa 55 na mtapata wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita sita. Wimbi hilo linapogonga ukuta linarudi na kukutana na lile linalokuja, kwa hiyo ndani ya chumba hutokea sehemu ambazo sauti inajaa na sehemu ambazo inakaribia kufutika. Kila mmoja wenu amekaa mahali pake ndani ya mchoro huo. Kwa mitetemo ya juu zaidi mchoro unakuwa mwembamba: kwa mitetemo 550, ambayo nayo ilikuwemo, kutoka mahali pa kujaa hadi mahali pa kufifia ni kama sentimita 15, pungufu ya shibiri moja. Aliyeinamisha kichwa kumtazama jirani alibadilisha muziki wake peke yake, na jirani hakujua. Waswahili husema wavumao baharini papa, kumbe wengi wapo. Ndani ya noti moja papa ni ule msingi mzito tunaoutambua mara moja, na wale wengi ni sauti ndogondogo zilizokuwa juu yake muda wote, ambazo sikio hulazimika kungoja ili lizione. Waliosikia kengele walisikia kitu cha kweli.

Mtu aliyelichukua jambo hili kwa uzito kuliko wote ni mtunzi wa muziki Mmarekani, La Monte Young. Alizaliwa mwaka 1935 katika nyumba ya magogo katika kijiji cha Bern, jimbo la Idaho, na amesimulia kwamba sauti ya kwanza anayoikumbuka ni upepo uliokuwa ukivuma kupitia nyufa za magogo hayo. Alipokuwa mtoto alivutiwa pia na mngurumo wa transfoma za umeme, sauti ambayo wengi wetu tunaipita kila siku bila kuigeuzia shingo. Mwaka 1960 aliandika kazi ambayo karatasi yake ina noti mbili tu, na chini yake agizo kwamba zishikiliwe kwa muda mrefu. Hakuna kingine. Muda mrefu ni kiasi gani? Hakusema.

Baadaye yeye na mkewe, msanii Marian Zazeela, walitengeneza mjini New York mahali walipopaita Nyumba ya Ndoto. Ni vyumba vyenye mwanga wa zambarau ambamo sauti za kielektroniki zinavuma mfululizo, na hiyo iliyopo sasa ilifunguliwa mwaka 1993. Ukisimama humo bila kutikisika, sauti inatulia. Ukipiga hatua moja, inageuka. Ukiketi sakafuni, umepata wimbo mwingine. Wapo walioingia humo wakidhani watakaa dakika kumi na kutoka baada ya saa tatu, na ninawaelewa kabisa.

Kuna jambo la pili la kimaumbile ambalo lazima nilitaje, maana bila hilo hatuwezi kuelewa kazi za mwanamke ninayemheshimu kuliko wote katika fani hii. Mkipiga pamoja sauti ya mitetemo 100 na nyingine ya mitetemo 101, mtasikia wimbi linalopanda na kushuka mara moja kila sekunde. Mkiisogeza ile ya pili hadi 100 na sehemu moja ya kumi, wimbi litapanda na kushuka mara moja kila sekunde kumi, taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Mdundo huo hakuna anayeupiga. Unazaliwa mahali ambapo sauti mbili zinakaribiana bila kulingana.

Éliane Radigue, aliyezaliwa Paris mwaka 1932, aliishi kwa miaka mingi ndani ya tofauti hizo ndogo. Alipokuwa mama kijana aliishi karibu na uwanja wa ndege wa Nice, na mngurumo wa ndege, ambao wengine wangeulalamikia, yeye alijifunza kuusikiliza kwa undani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alinunua Marekani sintesaiza kubwa, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, aina ya ARP 2500 na kurudi nayo Ufaransa bila kibodi yake, kwa makusudi, ili vidole visije vikashawishika kupiga tuni. Hebu fikirini jambo hilo. Anayenunua kinanda huanza kwa kugusa vibonyezo, na yeye aliviacha ng'ambo ya bahari. Alibaki na vifundo vya kuzungusha na nyaya, na kwa mikono yake miwili aligeuza vifundo hivyo polepole kiasi kwamba msikilizaji hawezi kunyoosha kidole na kusema: hapa, hapa ndipo ilipobadilika. Unatambua tu kwamba umefika mahali pengine na hukumbuki njia.

Mtaniuliza: mwalimu, sauti nzuri za kuvuma zipo, kwa nini basi giza? Kwa nini watu wazima wenye akili zao wakae usiku wakisikiliza muziki unaofanana na pango?

Nitawasimulia kisa. Katika miaka ya 1980 mhandisi Mwingereza aliyeitwa Vic Tandy alikuwa akifanya kazi katika maabara ambayo wafanyakazi walisema ina mzuka. Usiku mmoja, akiwa peke yake, alitokwa na jasho la baridi, akahisi anatazamwa, na pembeni ya jicho lake akaona umbo la kijivu ambalo lilitoweka alipogeuka. Kesho yake alikuwa ameubana upanga wake wa michezo ili autengeneze, akaona ncha yake inatetemeka bila kuguswa. Akaufuatilia mtetemo huo mpaka akafika kwenye feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitoa sauti ya karibu mitetemo 19 kwa sekunde, chini kidogo ya 20 ambayo kwa kawaida tunaihesabu kuwa mwanzo wa usikivu wa binadamu. Feni iliporekebishwa, mzuka ukahama. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1998, na wapo wanaoyatilia shaka, hasa suala la umbo la kijivu. Lakini hata tukiliacha umbo hilo, nani kati yetu hajui kwamba sauti nzito isiyo na chanzo kinachoonekana huusumbua mwili kabla ya akili kuulizwa? Radi ya mbali, ardhi inayotikisika, mnyama mkubwa nje ya boma: katika historia yetu ndefu, besi ilikuwa habari mbaya.

Wasanii wa ambienti ya giza wanalijua jambo hilo na wanalitumia waziwazi. Jina la ambienti lilienezwa na mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, ambaye mwaka 1978 alitoa albamu ya kupigwa katika viwanja vya ndege, muziki mpole wa kumtuliza msafiri. Wengine wakauchukua upole huo na kuushusha chini ya ardhi. Brian Williams, anayejulikana kama Lustmord, alirekodi katika mapango na katika vyumba vya kuzikia vilivyo chini ya makanisa, na albamu yake ya mwaka 1990 imekuwa kipimo cha fani nzima. Mjerumani Thomas Köner alitumia gongi, zile sahani kubwa za shaba, akipunguza sauti zake mpaka zikabaki kama barafu inayopumua. Kazi yake ya mwaka 1993 ina jina la ardhi iliyoganda daima. Mwaka huohuo kundi la Earth kutoka Marekani lilitoa nyimbo tatu za magitaa zilizojaza zaidi ya dakika 70, karibu bila ngoma. Sipendi kila kilichofuata. Wapo walioona kwamba giza ni rahisi, wakaweka mwangwi mwingi, mlio wa mnyororo na picha ya fuvu kwenye jalada, wakadhani kazi imekwisha.

Kilichowashinda hao ni muda. Mtu akiingia katika chumba chenye giza, jicho huchukua takriban nusu saa kulizoea kikamilifu. Dakika za kwanza haoni kitu, na hapo ndipo hofu inapokaa. Baadaye kingo za vitu zinaanza kujitokeza, kiti, mlango, mkono wake mwenyewe. Sisemi kwamba sikio lina mitambo ileile, lakini uzoefu wangu wa kusikiliza unafanana sana na huo. Mwili unapiga kengele ya hatari, unangoja, hatari haiji, na kengele inachoka. Baada ya hapo unabaki na masikio yaliyofunguka kuliko yalivyokuwa mchana, ndani ya sauti ambayo uliichagua mwenyewe na ambayo unaweza kuizima wakati wowote. Ndiyo maana mashabiki wengi wa muziki huu unaoitwa wa kutisha wanasema kwamba unawatuliza, na jirani zao hawawaelewi.

Kisa kingine kuhusu giza, na hiki ni cha furaha. Mwaka 1988 mtunzi Mmarekani Pauline Oliveros na wenzake wawili waliteremka katika tangi kuu la maji lililokauka, zaidi ya mita nne chini ya ardhi, katika ngome ya zamani ya Fort Worden, jimbo la Washington. Yeye alikuwa na akodioni, mwenzake Stuart Dempster alikuwa na tromboni, na Panaiotis alitumia sauti yake. Ndani ya tangi lile kila sauti ilidumu sekunde 45 kabla ya kufa. Sekunde 45! Noti unayoipiga sasa inakuta zile za nusu dakika iliyopita bado zimekaa, na huwezi kuziomba ziondoke. Huwezi kuharakisha. Ukikosea, kosa linabaki nawe chumbani, na inabidi utafute noti itakayolifanya liwe sahihi. Walicheka walipoiita kazi hiyo usikilizaji wa kina, kwa kuwa kwa Kiingereza neno hilo hubeba maana ya chini na maana ya makini kwa pamoja. Kwa Kiswahili utani huo unakaa vilevile, hatuhitaji kuufafanua.

Sasa niseme juu ya huzuni, na hapa nitakwenda polepole.

Mama yangu alipofariki, kwa muda wa wiki kadhaa sikuweza kusikiliza nyimbo. Kila wimbo ulikuwa unaniambia la kufanya: lia hapa, fumba macho hapa, inuka sasa mambo yatakuwa sawa. Nilichoweza kukivumilia ni mvumo. Haukunipa pole, na sikuwa na deni la kuupokea. Tangu siku hizo nimekuwa nikiwauliza wasikilizaji wengine walianzaje, na ningeshangaa kama katika chumba hiki mimi ndiye peke yangu niliyeingia kwa mlango huo.

Radigue aliingia humo kwa namna nzito zaidi. Alikuwa ameshakuwa Mbudha wa mapokeo ya Tibet, na alikuwa ndani ya kazi kubwa ya saa tatu hivi kuhusu kifo, iliyochukua miaka hadi 1993 kukamilika, pale mwanawe Yves alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 1989. Aliendelea. Sehemu ya pili ya kazi hiyo ni safari ya kufikirika ya kuuzunguka mlima Kailash, na ukiisikiliza bila kuambiwa lolote hutajua kwamba ni maombolezo. Hakuna kilio ndani yake. Kuna sauti inayotembea taratibu kuzunguka kitu kisichosogea.

Na yupo mtunzi Mmarekani William Basinski. Majira ya joto ya mwaka 2001, nyumbani kwake Brooklyn, alitoa kanda alizorekodi takriban miaka 20 nyuma, vipande vifupi vilivyounganishwa ncha kwa ncha ili vizunguke bila kikomo, akaanza kuvihamishia kwenye mfumo wa dijitali ili visipotee. Kanda zilipokuwa zikizunguka, unga wa sumaku uliobeba muziki ulianza kubanduka kutoka kwenye plastiki. Kila mzunguko uliacha pengo dogo jipya. Angeweza kuzima mashine na kuokoa kilichobaki, lakini aliacha kurekodi kuendelee. Kipande kirefu kuliko vyote kinachukua zaidi ya saa nzima kufa. Wiki chache baadaye, jioni ya tarehe 11 Septemba, siku ya mashambulizi ya minara ya New York, alisimama juu ya paa na kurekodi kwa kamera moshi uliokuwa ukipanda kutoka Manhattan mpaka mwanga wa siku ulipokwisha, kisha akaiambatanisha picha hiyo na sauti ya kanda zake. Watu wengi wameijua kazi hiyo kwa sababu ya moshi ule. Mimi huirudia kwa sababu ya unga. Ni muziki pekee niujuao ambao kitendo cha kuusikia ndicho kilichoumaliza.

Najua kuna mwenye swali lake ambaye amelishikilia kwa adabu muda wote huu: hata friji langu linavuma, je, nalo ni msanii? Namjibu kwa kisa kifupi. Mwaka 1977 msanii Max Neuhaus aliweka mashine ya sauti chini ya wavu wa chuma wa kupitisha hewa ya reli ya chini, katikati ya Times Square, New York. Ilitoa mvumo mzito wenye harufu ya kengele, kama kengele iliyogongwa jana na bado haijanyamaza. Hakuweka kibao wala jina lake. Maelfu walipita juu yake wakidhani ni mitambo, na wachache walisimama. Ilizimwa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2002. Tofauti ya friji na kazi ile ni kwamba mtu fulani alikaa miezi akiitafuta sauti hiyo ili wewe usimame. Lakini ukisimama mbele ya friji lako na ukasikiliza dakika kumi kwa dhati, sitabishana nawe.

Ushauri mmoja wa kiufundi, kisha nitaachia. Msiusikilize muziki huu kupitia spika ya simu. Spika ile ni ndogo mno, haiwezi kutoa mitetemo 55, kwa hiyo mtasikia dari bila sakafu na mtanilaumu mimi. Tumieni spika zenye besi au hedifoni nzuri, na sauti isiwe kubwa. Mvumo una muda wote wa kuwafikia.

Na mzee wangu wa mstari wa mbele, sijakusahau. Mwaka 1982 kijana Robert Rich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kuandaa matamasha ya usiku kucha ambayo wasikilizaji walialikwa walale. Alipiga mivumo ya taratibu huku wamejilaza, naye hakuona kama ametukanwa waliposinzia, maana nusu ya kazi ilikuwa ndani ya ndoto zao.

Sasa nitaipiga tena sauti ileile. Ni faili lilelile, kwa ukubwa uleule, na safari hii kwa dakika ishirini. Anayetaka kutoka atoke bila wasiwasi, mlango uko wazi. Anayetaka kulala alale. Wengine, mkifika katikati, inamisheni vichwa kidogo upande wa kushoto. Taa, tafadhali.